Miaka kumi na Skyrim nikiwa Tabora: ninachoipendea na kinachoniuma

Mara ya kwanza kuiona Skyrim ilikuwa kwenye kibanda cha gemu huku Isevya, mwanzoni mwa 2014, nimemaliza form four nasubiri matokeo. Kibanda chenyewe kilikuwa na PS3 mbili na kazi yake ilikuwa mpira tu, unalipia mechi, ukifungwa unampisha mwenzio. Ile mashine ya pili mwenye kibanda aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, ikaja na CD zake, na moja ilikuwa na kava la rangi ya jiwe lina alama ya joka katikati. Hakuna aliyeitaka. Nikamuomba niijaribu saa za mchana watoto wakiwa shule, akakubali kwa bei ya nusu saa, na nusu saa yangu ya kwanza yote ikaishia pale mwanzoni, nimefungwa kamba juu ya mkokoteni napelekwa kukatwa kichwa, afu nachagua sura ya mtu wangu, afu shoka linanyanyuliwa na joka jeusi linatua juu ya mnara. Muda ukaisha. Nikatoka pale mfukoni sina kitu na swali ni moja tu, lile joka lilifata nini.

Sasa ni zaidi ya miaka kumi. Nimeicheza kwenye mashine tatu tofauti, ile hadithi kuu nimeimaliza mara mbili, nimeiacha mara nyingi nikarudi, na mdogo wangu naye ameirithi. Watu wananiuliza kama inafaa kununua leo, ndo maana nimeona niandike yote, ninachoipendea na kinachoniuma, maana kuna vitu vinaniuma kweli.

Kwa asiyeijua: jina lake kamili ni The Elder Scrolls V: Skyrim, imetengenezwa na Bethesda Game Studios wa Marekani na ilitoka 11 Novemba 2011. Ni ya tano kwenye mfululizo wake ila huna haja ya kucheza zile nne za kwanza. Skyrim ni jina la nchi, nchi ya kaskazini yenye baridi na theluji, wenyewe kwa wenyewe wanapigana vita, na juu ya hiyo vita majoka waliokufa zamani wanaanza kufufuka. We unakuja kugundulika ni Dragonborn, mtu mwenye roho ya joka, ukiua joka unanyonya roho yake na kwa hiyo roho unafungua maneno ya lugha ya majoka, ukiyatamka yanakuwa silaha. Unapiga ukelele na mtu anarushwa mpaka kwenye korongo.

Sasa nianze na nchi yenyewe maana hiyo ndo sababu ya kila kitu.

Ukishatoka kwenye lile pango la mwanzo gemu inanyamaza. Hakuna anayekushika mkono. Mbele yako kuna njia inashuka kwenda kijiji cha Riverwood, kuna mto, kuna mlima ng'ambo na juu ya mlima kuna magofu yenye matao kama mbavu za mnyama, na ule mlima unapandika, yaani sio picha ya ukutani, ukiamua kwenda unaenda. Mimi nimekulia Tabora, huku kwetu ardhi ni tambarare, ukisimama popote unaona miembe na nyuma ya miembe ni miombo mpaka macho yanachoka, kwa hiyo siku nilipoona ule mlima mkubwa kuliko yote, ule wanaouita Throat of the World, umesimama katikati ya ramani na kila sehemu unayoenda unauona, niliacha pedi nikawa naangalia tu. Baadaye nikaupanda kwa miguu kutokea kijiji cha Ivarstead, zile ngazi wanazoziita ngazi elfu saba, theluji inavuma, mbwa mwitu wananifata, kila baada ya kipande kuna jiwe limeandikwa historia, na juu kabisa kuna wazee wanne wamevaa majoho wanaishi kwenye jengo la mawe, sauti zao zina nguvu kiasi kwamba watatu hawathubutu kuongea, anaongea mmoja tu, Arngeir, sauti yake aliigiza Christopher Plummer. Nilifika saa nane usiku kwa saa ya nyumbani. Umeme ulikuwa umerudi saa sita, nyumba nzima imelala, nimepunguza sauti, na ule muziki wa Jeremy Soule wa usiku unapiga taratibu, na angani zile taa za kijani za kaskazini. Hakuna gemu nyingine imewahi kunifanyia hivo.

Na uzuri wa kutembea ni vile unavyokutana na vitu ambavyo hakuna aliyekutuma. Kuna siku nilikuwa naelekea mji wa Solitude nikakutana na mbwa peke yake porini anaitwa Meeko, nikamfata, akanipeleka mpaka kwenye kibanda cha mbao, ndani kuna mtu amekufa kitandani na daftari pembeni. Ukilisoma unaelewa kila kitu. Hakuna misheni, hakuna zawadi, hakuna alama kwenye ramani inayokwambia nenda hapo. Mbwa alikuwa ananionyesha bwana wake. Sa ukiwa mtu wa kuruka na ramani kila saa, unagusa mji unaotaka kwenda unatokea huko, utavikosa hivi vyote, ndo maana mdogo wangu nimempiga marufuku kuruka mpaka amalize mwezi.

Kitu kingine nachokipenda na sijawahi kuona watu wakikisifia ni mzigo. Mtu wako anaanza na uwezo wa kubeba 300, kila silaha na kila ngao na kila sahani ina uzito wake, ukizidisha anaanza kujikokota, hawezi kukimbia na hawezi kuruka na ramani. Wengi wanalalamika kero. Mimi sioni hivo kabisa. Mji wetu wa Tabora umejengwa na misafara, wapagazi wa Kinyamwezi karne ya 19 walikuwa wanabeba pembe za ndovu mabegani kutoka huku mpaka Bagamoyo kwa miguu, na bibi alikuwa anasema mzigo ndo unakufundisha kipi cha thamani na kipi cha kutupa. Ndani ya Skyrim nimesimama mbele ya kaburi la kale nachagua nibebe panga la pili au chupa za dawa, na jua linazama, na kijiji kiko mbali, hapo ndo nahisi nipo safarini kweli. Ukiondoa uzito inabaki kuokota tu.

Kuhusu ujuzi nitasema kifupi. Upo wa aina 18, na unakua kwa kutumia. Unataka kuwa mzuri wa upinde, piga upinde. Unataka kufungua makufuli, fungua makufuli. Ni kama kijana anayejifunza gereji, anashika spana mpaka mkono unazoea, na mimi naona ndo namna ya haki kabisa ya kupanda levo kwenye gemu, afu kila ukipanda levo unapata pointi ya kuweka kwenye ule ujuzi unaoupenda. Tatizo lake ni kwamba inaleta uvivu wa aina fulani. Mwanzoni kabisa watu waligundua ukikaa kwa mhunzi ukafua visu vya chuma tu mia na kitu unakuwa fundi mkubwa bila kutoka mjini, wakaja kulirekebisha baadaye, ila ule mzunguko wa kuchanganya dawa na kutia uchawi kwenye vifaa na uhunzi bado upo, ukiujua unatengeneza panga la kuua kila kitu kwa pigo moja na gemu inakufa utamu. Na upinde wa kujificha. Nimeanza mtu wa uchawi, nikaanza mtu wa shoka, nikaanza mtu wa ngao, na wote baada ya masaa ishirini wamejikuta wamechuchumaa kwenye giza na upinde, maana pigo la kujificha ni zito mno na mapigano ya panga hayana uzito, unapunga tu, anapunga, mnapunguziana damu mpaka mmoja adondoke. Kwa gemu inayohusu mashujaa wa panga hili ni pungufu kubwa na sitalifunika.

Lugha. Hii naisema kwa ajili ya mdogo wangu. Alianza kucheza akiwa form two na Kiingereza chake kilikuwa cha darasani tu, na Skyrim ina maneno mengi sana, watu wanaongea kwa sauti muda wote, kuna vitabu vya kusoma humo ndani vingi ajabu, vitabu kamili vyenye hadithi zake, na Kiswahili hakipo kwenye orodha ya lugha zake. Kwa hiyo miezi ya kwanza nilikuwa nakaa pembeni yake namtafsiria kila sentensi, na nikagundua sehemu gani za gemu zinajieleza zenyewe na zipi hazijielezi. Kwenye lile kaburi la mwanzo, Bleak Falls Barrow, kuna mlango wa mawe una duara tatu zinazozunguka na picha za wanyama, na unafunguliwa kwa ukucha wa dhahabu. Mi nilitaka kumwambia jibu. Akanizuia, kaka subiri, akafungua mfuko wake akautoa ule ukucha akaugeuza geuza akaona picha zimechongwa upande wa kiganja, dubu, nondo, bundi. Akapanga, mlango ukashuka. Hakusoma hata neno moja. Alishangilia mpaka mama akatoka jikoni. Hapo waliotengeneza walifikiri vizuri sana. Ila kwenye siasa za nchi na kwa nini watu wanapigana, bila lugha umepotea kabisa, na ndo sehemu tamu.

Maana vita vyenyewe ni vizito. Upande mmoja kuna Ulfric Stormcloak, anataka Skyrim ijitoe kwenye himaya, kwa sababu himaya ilishindwa vita ikasaini mkataba unaokataza watu kumuabudu Talos, mungu wao wa jadi. Upande wa pili kuna himaya yenyewe chini ya Jenerali Tullius, wanasema tukigawanyika sasa hivi maadui wa pamoja watatumaliza wote. Mimi mara ya kwanza sikufikiria hata dakika tano, nilienda kwa Ulfric. Ukikulia hapa, historia ya Mtemi Isike unaijua toka mdogo, vile 1893 aliwasha baruti ndani ya boma lake Wajerumani wakiwa wameshaingia, kwa hiyo mtu akiniambia kuna wageni wanakataza watu kuabudu miungu yao, moyo wangu ushaenda upande. Afu nikafika mji wa Ulfric, Windhelm. Nikaingia Gray Quarter, kichochoro wanakoishi Dunmer, jamii ya elf wa ngozi ya kijivu, waliokimbia kwao, pachafu, pameoza, wanatukanwa mlangoni kabisa mwa mji, na Argonian, wale watu-mijusi, hata ndani ya ukuta hawaruhusiwi kulala, wanalala bandarini. Nilikaa pale muda mrefu. Huyu ndo mtu niliyemshikia silaha. Gemu haikunihubiria chochote, ilinipeleka tu kwenye ule mtaa ikaniacha nione, na hiyo heshima kwa mchezaji mimi naithamini mpaka leo. Ndo maana mara ya pili nikapigana upande wa himaya.

Na hapa sasa ndo naanza kuumia.

Nikashinda. Ulfric amekufa, Windhelm amewekwa Brunwulf Free-Winter, mtu ambaye toka mwanzo anawatetea Dunmer, nikakimbia Gray Quarter na moyo unanidunda kuona kumebadilika nini. Kuko vilevile. Watu walewale, kichochoro kilekile. Brunwulf ana maneno mazuri ukimsalimia, basi. Na vita vyenyewe, hiyo vita ambayo nchi nzima inaizungumzia, ukifika kwenye kuuteka mji mkubwa unakuta wanajeshi hawajai hata daladala mbili.

Hili ndo jeraha la Skyrim nzima na yote mengine ni mikwaruzo tu. Nchi imetengenezwa kwa mapenzi, jiwe kwa jiwe, ila watu wake hawana kumbukumbu. Nimekuwa mkuu wa chuo cha wachawi cha Winterhold kwenye mchezo ambao uchawi niliotumia ulikuwa mdogo mno, shoka ndo lilifanya kazi, na hakuna mwalimu aliyeshangaa. Nimeua Alduin, joka lililokuja kula dunia, nikashuka nikarudi mjini nikakuta askari wa getini wana maneno mawili matatu kuhusu hilo afu wanarudi kwenye maneno yao ya kila siku, na kesho yake joka jingine limetua kwenye mabanda ya watu kama hakuna kilichotokea. Naomba nisiwe muonevu, askari huwa wanaona vitu fulani, ukiwa mwizi mzuri watakutania kuhusu mikono yako, ukivaa silaha nzuri wataisifia. Ila zaidi wanaona ulichonacho. Ulichofanya wanakigusa kwa maneno machache tu.

Ngoja nieleze ya Lydia ndo utanielewa. Ukimsaidia Jarl Balgruuf, mtawala wa mji wa Whiterun, anakupa mtu wa kukulinda, anaitwa Lydia, na yeye ndo anakuwa mpagazi wako pia, unampa mizigo anabeba, analalamika kidogo na sauti yake lakini anabeba. Nilitembea naye masaa kama sitini. Adui akimpiga sana anapiga magoti anapumzika afu anainuka, kumbe anayeweza kumuua ni mimi mwenyewe, na siku moja ndani ya pango tumezingirwa na Falmer, viumbe vipofu vya mapangoni, nikarusha moto nao ukampata. Akadondoka. Nikadhani atainuka. Hakuinuka. Nilikuwa sijasevu kwa karibu saa zima, nikaamua nisirudi nyuma, kilichotokea kimetokea. Nikachukua vitu vyake, nikarudi kwa miguu mpaka Whiterun, nikapanda ngazi mpaka Dragonsreach, ikulu ya Jarl, nikasimama mbele ya Balgruuf, nategemea mtu aniulize yule binti yuko wapi. Hakuna aliyeniuliza. Sio Jarl, sio askari, sio yule mama anayeuza matunda pale sokoni. Huku kwetu mtu akifariki, hata awe mpangaji aliyehamia juzi, jioni mikeka imeshatandikwa na mjumbe ameshapita na daftari la rambirambi. Pale niliikodolea tivi macho nikazima mashine na sikuiwasha karibu mwezi mzima.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba wanaweza, wakitaka. Kuna misheni inaitwa Season Unending, inatokea kama umefika mbali kwenye hadithi kuu na vita bado havijaisha. Unahitaji nchi itulie kidogo ili ukamkamate joka mmoja, kwa hiyo wazee wa mlimani wanaitisha kikao. Ulfric anakuja, Tullius anakuja, na anakuja Elenwen, balozi wa wale walioilazimisha himaya kusaini mkataba, na Ulfric anasema huyu akibaki mimi natoka. Wanageuka wanakuangalia we uamue. Mara ya kwanza nilihisi kama nimeitwa kwenye baraza la wazee na mimi ndo mdogo kuliko wote. Stormcloak, yaani watu wa Ulfric, wanataka mji wa Markarth, himaya nayo inadai Riften kwa kubadilishana, kila upande unatoa lawama za mauaji ya nyuma, na kila unachoamua mwingine ananuna. Muda mrefu watu wanaongea tu na sijawahi kushika pedi kwa nguvu vile hata kwenye kupigana na joka. Hiyo ndo gemu niliyokuwa naitaka masaa yote mia mbili.

Afu mbele kidogo wanakuja kukuharibia. Kuna joka mzee anaitwa Paarthurnax, alikuwa upande wa Alduin enzi hizo, akageuka akawasaidia watu, na tangu hapo maelfu ya miaka amekaa kileleni anapambana na ubaya wa asili yake. Ni mhusika bora kuliko wote humo ndani. Delphine na Esbern wa Blades, kundi la wawindaji wa majoka linalokusaidia, wanakwambia muue, usipomuua hatukusaidii tena. Na hakuna neno lingine la kuwaambia. Huwezi kuwapeleka wakamsikilize, huwezi kuitisha kikao kama kile cha jana yake, huwezi kusema nyie mliapa kunitumikia mimi Dragonborn. Unamuua au unawakosa. Nimewakosa mara zote mbili na nitawakosa tena nikicheza mara ya tatu. Wanaotumia kompyuta wanaweka modi, yaani nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji, inayokupa jibu la tatu, na vile watu wengi wameitafuta hiyo modi unaona kabisa sio mimi peke yangu niliyeumia.

Upande wa mashine. Kama unataka kuicheza kwenye PS3 nakusihi usifanye hivo. Ile ya kibandani ilikuwa na ugonjwa unaojulikana, kadri faili lako la sevu linavyokua mashine inaelemewa, picha zinaanza kukwama, mwisho inaganda kabisa. Walitoa marekebisho ila kibanda hakikuwa na intaneti. Mtu wangu wa kwanza alifia hivo, masaa zaidi ya arobaini, hela za nusu saa nusu saa, nilizozipata kwa kubeba matofali. Kwenye laptopu yangu ya mtumba ya 2018 nilitumia ile toleo la zamani, inahitaji ramu GB 2 na nafasi GB 6 tu, kwa hiyo hata mashine dhaifu inajitahidi ukishusha grafiki. Special Edition iliyotoka 2016 inataka ramu GB 8 na nafasi GB 12, imetulia zaidi na ndo ya kuchukua kama mashine yako inaruhusu, na maudhui ya ziada yote matatu, Dawnguard, Hearthfire na Dragonborn, yapo humohumo. Mabagi, yaani hitilafu za gemu, bado yapo, kuna misheni zinakwama, kuna jitu likikupiga rungu unarushwa mpaka mawinguni, ila kwenye kompyuta kuna kifurushi cha marekebisho kilichotengenezwa na wachezaji wenyewe, kipakue usiku kwa bando la usiku ukiweke kabla hujaanza. Na jambo moja zuri kwa sisi wa huku, unaweza kusevu popote muda wowote, na yenyewe inajisevu ukipita mlango. Umeme ukikatika unapoteza dakika chache.

La mwisho ni la mjomba.

Mjomba wangu anafuga nyuki Sikonge, mizinga ya magome inayoning'inizwa juu ya miti, kazi aliyoachiwa na baba yake. Alikuja mjini kuleta asali, madumu manne, akalala kwetu, na jioni akakaa nyuma ya mdogo wangu anaangalia gemu. Bahati mbaya dogo alikuwa amefika kwenye misheni ya kundi la wezi wa Riften. Brynjolf anakutuma shamba la Goldenglow, mwenye shamba ameacha kulipa kundi fungu lake, na asali ya hapo ndo anayoitegemea mama mmoja tajiri anayetengeneza pombe ya asali, kwa hiyo ili kumtia adabu ukaibe kwenye sefu yake na uchome mizinga mitatu. Dogo akafika kisiwani, mizinga imepangwa, nyuki wanazunguka mpaka wanasikika. Mjomba akauliza pale wanafanya nini, nikamweleza. Akanyamaza kidogo akasema, "Mjomba, ugomvi ni wa wenye pombe, sasa nyuki wamekosa nini?"

Mdogo wangu akashusha mkono uliokuwa na moto. Akamgeukia. Akasema shikamoo mjomba, kama vile ndo kamuona sasa hivi, afu akarudisha mtu wake majini akaogelea mpaka ng'ambo.

Ile misheni bado iko kwenye orodha yake mpaka leo, miezi saba. Brynjolf ukimfata anakukumbusha shamba lilelile, hana neno la kukuuliza kwa nini hujaenda. Dogo ameshafika levo 41, amejenga nyumba, ameoa, na kila akipita Riften anasimama kidogo pale ufukweni, mizinga inaonekana kwa mbali.